Sura ya Saba: Mupalangulwa Ndani ya Simu

Fungua mipangilio ya lugha kwenye simu ya Android iliyonunuliwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ushuke taratibu kwenye orodha. Katika simu nyingi, karibu na isiZulu, utakutana na jina Ishisangu. Juu yake kidogo kuna Hibena. Ukichagua Ishisangu, menyu za simu hazitageuka Kisangu, kwa sababu hakuna aliyezitafsiri. Tarehe ndiyo itakayogeuka. Januari itaandikwa Mupalangulwa, Februari itakuwa Mwitope, Machi Mushende, Aprili Munyi, na Novemba utaisoma Musongandembwe. Saa za asubuhi zitapewa alama ya Lwamilawu.

Wasangu wengi wanaishi Mbarali, kwenye tambarare ya Usangu, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hupita ikitoka Iringa kuelekea Mbeya. Wabena wako Njombe, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Hakuna shule ya serikali inayofundisha kwa lugha hizi mbili. Hata hivyo majina ya miezi na siku zake yamo ndani ya vifaa vilivyoundwa maelfu ya kilomita kutoka Rujewa, Mbarali. Sura hii inaeleza yalivyofika humo. Inakaza macho kwenye hatua moja ya safari ambayo wataalamu wa lugha hawaitazami na wataalamu wa kompyuta wameshaizoea mno: ujenzi wa maktaba za programu, unaofanywa na mashine, kwa mifumo endeshi mingi kwa wakati mmoja.

Waliokusanya maneno yenyewe wanastahili kutajwa kwanza. Kuelekea mwaka 2010, mtandao wa watu wa lugha na kompyuta barani Afrika uitwao ANLoc, kwa fedha za shirika la IDRC la Kanada, ulijiwekea lengo la kuandaa taarifa za msingi za lugha 100 za Afrika: majina ya miezi, siku, namna ya kuandika namba na fedha. Kazi hiyo iliongozwa na Martin Benjamin, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake wa udaktari Malangali, mkoani Iringa, na ambaye mwaka 1994 alianzisha Mradi wa Kamusi katika Chuo Kikuu cha Yale. Taarifa za Kibena zikapewa faili lenye jina bez, za Kisangu likaitwa sbp, zikaingizwa katika hazina ya data za lugha inayotunzwa na shirika la Unicode, yaani CLDR. Hapo mikono ya watu ikaishia. Kuanzia hapo mbele, neno Mupalangulwa lilisafirishwa na mashine.

Maktaba ya programu ni kazi iliyoandikwa mara moja ili programu nyingine ziitumie. Programu ya zahanati inahitaji kupanga majina ya wagonjwa kwa alfabeti. Programu ya benki inahitaji kuandika tarehe kwenye risiti, na ya ushirika wa mazao inatenganisha maelfu kwa mkato. Hakuna mwandishi wa programu mwenye akili timamu anayeandika kazi hizo upya. Huiachia maktaba, na kwa mambo ya lugha maktaba kubwa kuliko zote ni ICU. Ilianzia Taligent, kampuni ya pamoja ya Apple na IBM ya miaka ya 1990. IBM ikaifungua kwa umma kama chanzo huria mwaka 1999, na tangu 2016 iko chini ya uangalizi wa Unicode. Imo ndani ya Android, iPhone, Mac, na ndani ya Windows 10 tangu 2017.

Ugumu unaanzia hapa. Msimbo aliouandika mtu hauendeshwi na kompyuta moja kwa moja. Lazima upitie kwenye kompaila na kugeuzwa kuwa amri za chipu fulani, kisha ufungwe katika umbo ambalo mfumo endeshi fulani unalikubali. Maktaba ya Windows inafungwa kama faili la dll, ya Linux kama so, ya Mac kama dylib, na hakuna mmoja kati ya mifumo hiyo unaopokea la mwingine. Kompyuta nyingi za mezani zina chipu za aina ya x86, ilhali simu zina ARM. Hata ndani ya Android peke yake zimo aina nne za kujengea, na mbili kati ya hizo ni za ARM: armeabi-v7a ya biti 32 na arm64-v8a ya biti 64. Tangu Agosti 2019 duka la Google linalazimisha kila programu yenye msimbo wa namna hii kuwa na toleo la biti 64, na watu wengi wakafikiri la biti 32 limekufa. Simu za bei ya chini zilizouzwa na mfumo wa biti 32 bado ziko mikononi mwa watu, na anayejenga maktaba bila kuzikumbuka anawafungia mlango wanunuzi wale wale ambao duka la Kabwe, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, linawategemea.

Kwa hiyo maktaba moja, yenye msimbo ule ule, hujengwa mara sita, mara kumi, pengine zaidi. Kila toleo jipya, upya. Kila kosa likirekebishwa, upya tena.

Tazama jambo hili kwa karibu, kwenye faili la Kibena lenyewe. Ndani ya msimbo wa ICU kuna faili la maandishi liitwalo bez.txt. Mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma: Januari ni "pa mwedzi gwa hutala", Februari "pa mwedzi gwa wuvili", Machi "pa mwedzi gwa wudatu". Ujenzi unapoanza, programu ndogo iitwayo genrb inalisoma faili hilo na kulikaza liwe faili la namba tupu, bez.res, ambalo jicho la mtu halilisomi tena. Programu nyingine, pkgdata, inalichukua pamoja na mamia ya ndugu zake, Kiarabu, Kichina, Kiswahili, Kisangu, na kuyafunga yote katika furushi moja la takriban megabaiti 30. Jina la furushi huanza na icudt, likifuatwa na namba ya toleo na herufi moja mwishoni. Herufi hiyo ina maana nzito. Ikiwa ni l, data zimepangwa kwa kompyuta zinazosoma namba kuanzia mwisho mdogo, kama simu zetu zote na laptop zetu zote. Ikiwa ni b, ni kwa mashine zinazoanzia mwisho mkubwa. Ikiwa ni e, ni kwa kompyuta kubwa za IBM zinazotumia mpangilio wa herufi uitwao EBCDIC. Data ni zile zile, miezi ni ile ile, lakini furushi la l likipelekwa kwenye mashine ya b halisomeki.

Kuna fundo jingine hapo. Genrb na pkgdata ni programu, nazo pia hutokana na msimbo wa ICU. Anayetaka kujenga ICU kwa ajili ya simu akiwa kwenye laptop hawezi kuzitumia zile zilizojengwa kwa simu, kwa kuwa laptop haiziendeshi. Inabidi aijenge ICU mara ya kwanza kwa ajili ya laptop yenyewe, apate vyombo, kisha aijenge mara ya pili kwa ajili ya simu, akiuelekeza ujenzi wa pili utumie vyombo vya ule wa kwanza. Nimewaona vijana wenye uwezo mkubwa wakikwama hapa, kwa sababu maelezo mengi ya intaneti hudhani kwamba unajenga pale pale unapotumia. Kwetu sisi, ambao simu ndiyo kompyuta ya wengi, kujenga kwa ajili ya kifaa kingine ndiyo hali ya kawaida, na nadhani vyuo vingelifundisha jambo hili mwaka wa kwanza.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa mkono. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs alitunga Make, programu inayosoma orodha ya mafaili na kujenga upya yale tu yaliyobadilika. Make ilisaidia sana, lakini kila mfumo ulitaka orodha yake. Mwaka 2000 ikaja CMake, iliyozaliwa katika mradi wa kuchakata picha za kitabibu uliogharamiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Yenyewe huandika orodha hizo kwa niaba yako, kwa kila mfumo. Bado mtu alilazimika kukaa mbele ya Windows, kisha mbele ya Mac, kisha mbele ya Linux. Hatua iliyobadilisha hali ilikuwa seva zinazoamka zenyewe. Kila mara mtu anapopeleka badiliko la msimbo, seva hulichukua, hulijenga kwenye kila mfumo, huendesha majaribio na kuripoti kilichovunjika. Jenkins ilifanya hivyo kwa mashirika yenye seva zao. Travis CI, kuanzia 2011, ikaifungua huduma hiyo kwa miradi ya chanzo huria bila malipo. Mwaka 2019 GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, ikaleta ya kwake, Actions, ambayo leo ndiyo watu wengi wanaanza nayo.

Sasa fikiria mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chuo kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Ameandika maktaba ndogo ya C++ inayogeuza namba kuwa maneno ya Kiswahili, ili risiti iseme "elfu tatu na mia tano" chini ya 3,500. Anayo laptop moja, ya Windows. Mwenzake aliyeko Iringa, anayeandika programu ya kikundi cha akiba na mikopo, anatumia Ubuntu. Mweka hazina wa kikundi hicho ana iPhone.

Kabla ya seva hizi, iPhone ingemshinda. Programu ya iPhone hujengwa kwa chombo cha Apple kiitwacho Xcode, na Xcode huendeshwa kwenye macOS peke yake. Leseni ya macOS nayo hairuhusu kuwekwa kwenye kompyuta isiyo ya Apple. Mwanafunzi angelazimika kununua Mac, au kuazima. Sasa anaandika faili moja fupi ndani ya mradi wake. Sehemu yake muhimu ni mstari unaotaja mifumo mitatu: ubuntu-latest, windows-latest, macos-latest. Anapeleka badiliko, kilobaiti chache tu za bando, na mashine tatu za mbali zinaamka. Moja kati yao inaendeshwa juu ya Mac halisi. Mradi ukiwa wazi kwa umma, halipi chochote kwa ujenzi huo. Gigabaiti nyingi za Xcode hazipiti kwenye simu yake. Umeme ukikatika Uyole katikati ya kazi, kazi inaendelea kule ilipo, na majibu atayakuta baadaye. Ada ya Apple ya dola 99 kwa mwaka ataikuta mbele, siku akitaka kuiweka programu dukani, lakini kufikia hapo atakuwa na kitu kilichojaribiwa.

Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyosemwa. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulipita Iringa na Mbeya ukielekea Tunduma, na kwa muda mrefu tuliuzungumzia kama njia ya kuleta vitu huku: habari, video, masomo. Hapa unatumika kinyume chake. Msimbo unatoka Mbeya ukiwa mwepesi kabisa, unajengwa kwenye mashine ambazo hakuna chuo cha Nyanda za Juu Kusini kingeweza kuzinunua zote, na matokeo yake yanaweza kutumiwa na mtu yeyote mwenye kompyuta ya aina yoyote. Mwanafunzi mwenye laptop moja anapata meza ile ile ya majaribio anayoipata mhandisi wa kampuni kubwa.

Siku ya kwanza, karibu kila mara, mfumo mmoja utaonyesha alama nyekundu. Kosa la kawaida kuliko yote ni la herufi kubwa na ndogo. Mwanafunzi ameandika kwenye msimbo kwamba anahitaji faili la Lugha.h, lakini kwenye folda ameliita lugha.h. Windows haijali tofauti hiyo, na Mac kwa kawaida haijali, lakini Linux inajali, na ujenzi unagoma. Angebaki na laptop yake peke yake, kosa hilo lingemfuata hadi kwa mwenzake wa Iringa. Kosa la pili ni la umri. Maktaba iliyojengwa kwenye Linux ya mwaka huu mara nyingi hukataa kuendeshwa kwenye Linux ya miaka iliyopita, kwa sababu inadai toleo jipya la maktaba ya C ya mfumo. Watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, walilitatua hili mwaka 2016 kwa uamuzi ambao ningependa kila mtu aujue: jenga kwenye mfumo wa zamani, ili matokeo yaendeshwe kwenye wa zamani na mpya pia. Walichagua CentOS 5, mfumo uliokuwa umeshachoka, wakauita mkataba huo manylinux. Katika shule ambako kompyuta za msaada bado zinatumia mfumo uliokuja nazo, uamuzi wa namna hiyo ndio unaotenganisha programu inayofunguka na ile inayotoa ujumbe wa kosa. Python yenyewe, kuanzia toleo la 3.9 la Oktoba 2020, iliacha kuendeshwa kwenye Windows 7.

Makosa ya herufi ni ya hila zaidi. Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo kwenye kibodi ya Kiingereza. Baadhi ya majirani wa Kiswahili hawana bahati hiyo. Kinyakyusa kina irabu saba, na Bastian Persohn, aliyechapisha kitabu kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa mwaka 2017, alihitaji herufi ɪ na ʊ ili kuzitofautisha na i na u. Kirangi cha Kondoa, kwa shida hiyo hiyo, huandikwa kwa ɨ na ʉ. Herufi ndogo ʉ ilikuwamo kwenye Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, tangu mwanzo, kwa sababu wanafonetiki waliihitaji. Herufi yake kubwa, Ʉ, iliingizwa mwaka 2006, katika Unicode 5.0. Kabla ya hapo sentensi iliyoanza na sauti hiyo haikuwa na herufi kubwa ya kuanzia. Maktaba iliyojengwa kwa jedwali la zamani la Unicode, ukiiomba igeuze ʉ kuwa herufi kubwa, itakurudishia ʉ ile ile bila kulalamika. Ongeza alama ya kidatu juu ya herufi kama hiyo, na sasa jicho linaona herufi moja ilhali kompyuta inahesabu mbili. Mfumo mmoja utafuta zote ukibonyeza kitufe cha kufutia, mwingine utafuta alama peke yake. Mfumo wa zamani wa Apple wa kuhifadhi mafaili, HFS+, ulikuwa ukitenganisha herufi na alama zake katika majina ya mafaili, hivyo jina lililoandikwa kwenye Windows likirudi kutoka Mac lilionekana lile lile na halikuwa lile lile.

Mbeya inalijua tatizo hili kwa vitendo. Mwaka 2003 shirika la SIL lilianzisha huko mradi wa pamoja wa lugha za Mbeya na Iringa: Kibena, Kibungu, Kikinga, Kimalila, Kindali, Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kisangu na Kivwanji, kwa ajili ya tafsiri ya Biblia na kisomo. Kufanya kazi katika lugha kumi kwa pamoja kunadai vyombo vinavyoelewana. SIL ndiyo pia inayotunza Keyman, programu ya kibodi aliyoianzisha Marc Durdin mwaka 1993 kwa ajili ya Kilao na iliyochukuliwa na shirika hilo mwaka 2015. Keyman sasa ni ya chanzo huria na inajengwa kwa Windows, macOS, Linux, Android, iPhone na kivinjari. Katikati yake kuna maktaba moja ya C++, Keyman Core, iliyotengwa ili kanuni za kibodi zifuatwe kwa namna moja kwenye mifumo tofauti. Badiliko moja kwenye maktaba hiyo linagusa mifumo kadhaa, na ndiyo maana kila badiliko linapitishwa kwenye seva za ujenzi kabla halijakubaliwa. Anayeandika Kinyiha kwenye kompyuta Vwawa na kumalizia kwenye simu yake Mlowo hatakiwi kujua habari hizo. Anachotaka ni herufi itoke sawa pande zote mbili.

Majaribio ya seva hugundua tu kile alichokiwaza mwandishi wake. Ikiwa maneno ya majaribio ni "hello" na "world", mifumo yote itapita kwa alama ya kijani na ʉ itaendelea kuvunjika miaka kumi. Anayeandika maktaba Mbeya anayajua maneno magumu ya pale pale. Ayaweke kwenye faili la majaribio, yenye alama zake zote na herufi kubwa zake zote. Huo ndio mchango ambao mhandisi wa mbali hawezi kuutoa hata akitaka.

Mtambo unaojenga ndio huo huo unaokata, na hapa nina uchungu wa kweli. Furushi la megabaiti 30 ni zito, na kila anayeijenga ICU kwa ajili ya bidhaa yake hushawishika kulipunguza. Node.js, inayoendesha seva nyingi za tovuti duniani, ilikuwa ikijengwa kwa miaka mingi na data za Kiingereza peke yake. Ukiiomba iandike tarehe kwa Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, ilikurudishia Kiingereza. Haikutoa kosa wala onyo. Mwandishi wa programu aliyeko Dar es Salaam aliona "January" na kudhani kwamba Kiswahili hakijaandaliwa, ilhali Kiswahili kilikuwa kimekaa kwenye hazina ya CLDR kwa miaka. Kilikuwa kimeachwa nje na swichi moja ya ujenzi. Swichi hiyo iligeuzwa katika toleo la 13, Oktoba 2019, na tangu hapo Node huja na lugha zote, Kibena na Kisangu zikiwemo. Ukataji wa namna hiyo haujaisha. Mafurushi madogo ya .NET, jukwaa la programu la Microsoft, yanayojengwa juu ya Alpine Linux huja bila ICU, na programu iliyowekwa humo hutumia mpangilio mmoja kwa lugha zote, hadi mtu aongeze ICU na kubadili mpangilio huo.

Hakuna kikao kilichoamua kwamba Kiswahili kisiwemo. Kulikuwa na mstari katika faili la ujenzi, uliowekwa kwa sababu nzuri ya kupunguza ukubwa, na seva ikautii kila siku, kwa kila mfumo, bila kuchoka. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba watu wa lugha wajifunze kusoma mafaili ya ujenzi. Ni mafupi. Hayahitaji shahada.

Mafaili hayo yanahitaji pia kulindwa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba xz, maktaba ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali kwenye Linux, ilikuwa imewekewa mlango wa siri. Msimbo uliosomwa na watu mtandaoni ulionekana safi. Hila ilifichwa kwenye maandishi ya ujenzi yaliyokuwa ndani ya furushi la toleo, ambayo hakuna aliyeyasoma. Somo la vitendo kwa mradi mdogo ni kujenga kutoka kwenye msimbo ule ule unaoonekana na umma, na kuacha kumbukumbu za kila ujenzi wazi. La pili ni kutoitegemea huduma moja ya bure. Mwishoni mwa 2020 Travis CI ilipunguza sana ukarimu wake kwa miradi huria, na miradi mingi ikalazimika kuhama haraka. Waliohama kwa urahisi ni wale waliokuwa wameweka maagizo ya ujenzi ndani ya mradi wao wenyewe, kwenye CMake au hati ya kawaida, na kuiachia huduma kazi ya kuyaita tu.

Limebaki suala la muda. Mtu wa Mbarali akiona jina la mwezi limekosewa na kulisahihisha kwenye CLDR, sahihisho litangoja toleo la ICU, linalotoka mara mbili kwa mwaka. Kisha litangoja toleo la Android linalochukua ICU hiyo, kisha mtengenezaji wa simu alipeleke kwenye simu. Simu nyingi za bei ya chini hazipati toleo jipya kamwe. Mwandishi wa programu asiyetaka kungoja anaweza kuibeba ICU yake mwenyewe ndani ya programu, na tangu ICU 64 ya mwaka 2019 kuna njia safi ya kuipunguza. Unaandika faili dogo la kichujio linalotaja lugha unazozitaka zibaki, na ujenzi unaziacha nyingine zote. Kwa programu ya kikundi cha wakulima wa mpunga Usangu, orodha hiyo inaweza kuwa na misimbo minne: en, sw, bez, sbp. Furushi linapungua mno, linatosha kwenye simu yenye nafasi finyu. Faili la kichujio likikaa ndani ya mradi, kila ujenzi wa Windows, wa Linux, wa Mac na wa aina zote nne za Android utalisoma, na jaribio la mistari miwili, linaloomba Januari kwa Kisangu na kwa Kibena, litaligomesha toleo lolote ambalo limeipoteza mojawapo.